Kidonda Nilichomtungia Mama

Mama yangu huchuma majani chai na hajawahi kuyanywa. Ni Msabato wa kweli kweli. Kwake chai ni ya kuuza, uji wa wimbi ndio wa kunywa. Kwa hiyo daktari alipomuuliza kama amewahi kuvuta sigara, nilimwona akiushika mkoba wake, tayari kuondoka.

"Mwambie mimi ni shemasi," aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu.

Tulikuwa hospitalini mjini Kisii. Daktari alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka. Cha mama ni cha soko la Nyaramba: ndizi, bei na salamu. Mkalimani nilikuwa mimi, bintiye. Daktari akauliza anapikia nini. Kuni, nikasema, kwenye mafiga, dirisha dogo, miaka yote hiyo. Akaeleza polepole kwamba hata moshi wa kuni hudhuru mapafu, na kwamba wengine huugua bila sababu inayojulikana. Kikohozi cha mama, ambacho kwanza kilitibiwa kama TB, hakikuwa TB. Kipande kidogo walichotoa pafuni kilionyesha saratani, tena imeshaenea, upasuaji hauwezekani. Lakini ilikuwa ya aina inayoweza kubanwa na vidonge, kimoja kila siku, bila kuruka. Havitaiondoa. Vitaizuia, kwa muda ambao daktari hakutaka kuukisia.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Kwetu ugonjwa mkubwa hautajwi mbele ya mwenyewe. Unazunguka kwa ndugu, kwa shangazi, hata kwa mwenye duka, lakini kwake haufiki. Nikamwambia ana kidonda pafuni na vidonge ni vya kukikausha. Daktari akauliza kama nimemweleza yote. Nikasema ndiyo, bila hata kupepesa macho.

Vidonge vilifanya kazi. Kikohozi kilipungua, akarudi shambani, akaanza tena kunigombeza kwa simu. Nikajiona nina akili sana. Kisha uso ukamtoka vipele, jambo ambalo daktari alikuwa ametuonya kulihusu, nami mkalimani hodari sikuwa nimelitafsiri.

Jumapili moja nilifika nyumbani nikamkuta jirani yetu akitoka jikoni kwa mama, anashukuru.

"Hiyo dawa ya mama yako imeniharisha," akaniambia, "lakini kifua kimefunguka."

Niliingia ndani mbio. Mama alikuwa anakoroga uji, furaha tele.

"Kidonda kimekauka," akasema. "Uchafu sasa unatokea kwa ngozi, huoni? Nimeacha dawa wiki nzima. Ningeiacha tu kwa mkebe na mwenzangu anakohoa?"

Nilimfokea. Sikuwa nimewahi kumfokea mama yangu, na nilipoanza sikujua pa kuishia. Nililia, nikafoka, nikalia tena, hadi neno likanitoka.

"Si kidonda, mama. Ni kansa."

Akaepua sufuria, akakaa kwenye kigoda. Nilisubiri alie. Nilikuwa tayari kumshika. Alipoinua uso alikuwa amekasirika hasa.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne namwomba Mungu juu ya kidonda. Kanisa zima nimelisimamisha, linaombea kidonda! Unataka Mungu anitibu kitu ambacho sina?"

Nilimpigia daktari, akasema aanze tena siku hiyo hiyo na asimgawie mtu. Mama akanituma kwa jirani nikachukue vilivyobaki, nimweleze mwenyewe kwa nini, kwa mdomo wangu. Nilieleza kwa aibu.

Niliporudi alimeza kimoja, akaniambia nipige magoti kando yake. Akaanza upya. Alimtajia Mungu ugonjwa kwa jina lake, akaomba radhi kwa maombi yote yaliyokosewa, kisha akasema anahitaji muda zaidi, kwa sababu bado hajamaliza kumlea huyu mtoto. Nina miaka arobaini na mbili.