Ngoma ya Kuota Moto

Mume wangu alikuwa mpiga bateria, zile ngoma za Kizungu zinazosimama kwa miguu ya chuma, katika bendi ya roki pale Mocímboa da Praia. Pia alikuwa mpumbavu. Watu husema marehemu hasemwi vibaya, lakini hao hawakuishi naye.

Kabla ya bendi alikuwa fundi wa ngoma zetu za ngozi, za jando na za harusi. Ngoma hizo hazipigwi hivihivi. Hupashwa moto kwanza, ngozi ikaze, sauti itoke. Basi siku bendi ilipomkabidhi bateria mpya, bwana huyu akawasha makuti, akazipasha. Kumbe ngozi zake za plastiki! Zilijikunja kama pweza sufuriani. Mkubwa wa bendi alilia machozi. Mume wangu akamwambia, "Kaka, usilie, nyumbani kuna mbuzi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa wa akika ya binti yetu wa kwanza. Nyama tukaila, ngozi akaiwamba kwenye ngoma mojawapo. Ikalia vizuri kuliko zote, na sifa zake zikaanzia hapo. Watu wakawa wanakuja kutazama moto kwanza, muziki baadaye.

Angeishia hapo, ningekuwa na mume mpaka leo. Lakini walimshangilia kuwasha moto, akaanza kuuruka. Wakamshangilia kuuruka, akaanza kutupia ngoma humo. Akavunjika kidole kwa kupiga ukuta ngumi, akajifunga kijiti cha kupigia kiganjani kwa mpira wa baiskeli, akapiga vilevile. Akivunja, wanashangilia, wakishangilia, anavunja. Wao wakienda zao, mimi nafagia. Na kunywa? Alikunywa chake, cha mgeni na cha mwenye nyumba. Niliwahi kumwuliza, "Wewe mwanamume, hujui kuacha?"

"Nitaisikiaje saa ya kuacha, mke wangu, na kelele zote zile?"

Ini likamwangusha. Akiwa kitandani, tumbo limemvimba kama mimba ya pacha, alituita mimi na dada yake akasema, "Ile iliyobaki ichomeni." Ilikuwa imebaki moja tu, ile ya ngozi ya akika.

Sikuichoma. Si kwa mapenzi. Chini ilikuwa wazi, ukiipindua ni ndoo nzuri. Tulipokimbia vita niliibeba kichwani imejaa unga, na wifi yangu, huyohuyo aliyesikia wasia, alikula ugali wake bila kumtaja maiti.

Sasa nina mjukuu wa kike, mtoto wa binti yule wa akika. Namwita mke mwenza, kama bibi yeyote, na mke mwenza huyu ana mikono ya babu yake. Nasema bila haya: hapa Palma hakuna kijana anayemfikia. Alipoiomba ngoma ile akapige harusini na bendi ya wenzake, wifi alikuja mbio na kiberiti.

"Wasia wa maiti haupuuzwi, wifi. Mtoto atakuwa kichaa kama babu yake."

"Marehemu aliagiza mengi. Aliagiza pia nisiolewe tena."

"Na hukuolewa!"

"Nani angenitaka, na sikio hili moja lililosalimika na kelele zake?"

Lakini moyoni niliogopa kuliko yeye. Ugonjwa wa mume wangu haukuanzia kwenye pombe, ulianzia kwenye makofi ya watu. Nikajiapiza: nikimwona mtoto huyu anauruka moto, ngoma naichoma mwenyewe, kwa kiberiti cha wifi.

Siku ya harusi mvua ilinyesha asubuhi, na alasiri ngozi ilikuwa imelegea kama shavu langu. Mke mwenza akawasha makuti uani. Watu wazima waliomkumbuka babu yake wakaanza: "Ruka! Mjukuu wa kichaa, ruka!" Makofi yakapigwa. Wifi akanibana mkono. Mtoto akainua kichwa, akayachekea yale makofi, nikaona meno ya babu yake yote.

Akainama tena. Akaisogeza ngoma motoni, akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akatega sikio. Akaigeuza tena, akagonga. Akaitoa. Kisha akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo akaumwagia moto, moshi ukawaingia puani wale wa "ruka, ruka", wakakohoa mpaka wakaketi.

"Bibi," akaniita, "nishikie ndoo."

Katika ndoa yangu yote sikuwahi kuona moto ukizimwa na aliyeuwasha. Nikaishika ndoo. Nikampokonya wifi kiberiti, nikakitumbukiza kwenye maji yaliyobaki.

"Wifi! Kiberiti changu!"

"Piga, mke mwenza," nikasema, "kabla mvua haijarudi."

Akapiga. Wifi alicheza mpaka kanga ikamdondoka, lakini kiberiti chake anakidai mpaka leo.