Msimsomee Marehemu Wasifu wa Mtu Mwingine

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata uzee haujanisahaulisha. Ni siku tuliyompeleka Eliamini kuzikwa kwao Mhezi, huko juu milimani.

Wewe hukumjua. Enzi za usichana wangu hapa Same kulikuwa na bendi ya roki, magitaa ya umeme na ngoma nzito, ikipiga kila Jumamosi katika ukumbi uliokuwa kando ya barabara kuu. Eliamini ndiye alikuwa mpiga saksafoni wao. Sauti ile siwezi kukueleza. Nitakwambia tu kwamba madereva wa malori walikuwa wakisimama na kuzima injini ili wamsikilize. Na alikuwa na desturi moja: katikati ya muziki alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akatoka hadi mlangoni kuwapigia waliokosa kiingilio. Wenye ukumbi walimnunia. Yeye hakujali.

Nimonia ilimchukua ghafla, bado kijana. Mji ulizizima. Mzee Shabani, mwenye mgahawa pale stendi, Mwislamu wa swala tano, alifunga mgahawa wake kutwa nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua mwenyewe. Yeye pamoja na sisi wapenzi wa muziki wa Eliamini tulijazana ndani ya lori lililokuwa limeshusha mpunga wa Kihurio, tukapanda milima tukilia. Mimi nilikaa na shangazi yangu, tumejifunika kanga moja kwa baridi.

Tulipokewa vizuri, nisiwasingizie watu. Tulipewa chai, tukapewa na makande. Jambo liliharibika uliposomwa wasifu wa marehemu. Msomaji alikuwa baba yake mdogo, mzee wa kanisa mwenye kuheshimika. Akasoma alipozaliwa, alipobatizwa, alipopata kipaimara, shule aliyosoma. Kisha akasema, "Baada ya masomo marehemu alijishughulisha na shughuli zake binafsi mpaka Bwana alipomwita." Akakunja karatasi.

Shughuli binafsi. Mwanangu, nilihisi kama nimepigwa kofi. Mtu aliyeliliwa na mji mzima alifukiwa kwa maneno kabla hajafukiwa kwa udongo, eti kwa sababu roki ni muziki wa shetani na ukoo unaona haya. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, nao wakaligeuza neno hilo kuwa ruhusa ya kumvika wapendavyo. Na zaidi, mzee yule akatangaza kwamba salamu za waliotoka Same hazitakuwapo, muda umekwenda. Muda gani, na jua lilikuwa bado la asubuhi?

Niliinuka. Shangazi akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Kaa chini, huu si msiba wetu."

Kabla sijakaa, mama mzazi wa Eliamini alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na tulikuwa tumeambiwa kwamba yeye ndiye aliyeuchukia zaidi muziki wa mwanawe. Alisema kwa Kipare, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sisi wa tambarare tuelewe.

"Shemeji, huyo uliyemsoma ni nani?"

"Ni mwanao, shemeji."

"Mimi simjui huyo. Mwanangu alipiga saksafoni. Sikuupenda muziki wake na nilimwambia, naye alinijibu kwa heshima. Lakini sikumzaa mtu wa shughuli binafsi."

Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani amemaliza. Akatugeukia sisi.

"Na nyinyi mlioshuka kwenye lori. Mmekuja kumlilia mwanangu au kumwonea haya? Mbona mmekaa kimya kama magunia? Semeni alikuwa nani."

Mzee Shabani ndiye aliyesimama kwanza. Akasema, "Mimi dini yangu nyingine na muziki ule sikuwa naujua. Ila kijana yule hakuruhusu maskini arudi nyumbani bila kusikia." Akaketi. Nikafuata mimi, na safari hii shangazi hakunivuta. Nilieleza kwamba wiki niliyofiwa na baba, Eliamini alikuja mpaka kibarazani kwetu na saksafoni yake, akapiga taratibu wimbo wa kanisani ambao baba aliupenda, akaondoka bila hata kunywa maji. Mchungaji alitusikiliza wote, Biblia imefungwa mkononi, wala hakumkatiza mtu.

Tulipoanza kurudishia udongo, mwenzetu mmoja akaanza kuuimba kwa mdomo muziki wake mmoja usio na maneno, nasi tukaupokea. Mama yake alisimama ukingoni akisikiliza mpaka mwisho. Yule baba mdogo aliondoka kabla ya shada la kwanza kuwekwa. Miaka mingi baadaye alikufa pasipo kumwomba radhi mama yule, na mimi hasira hiyo sijaitua mpaka leo. Mungu anisamehe.

Ninakueleza haya kwa kuwa juzi tumezika mtu hapa mjini, na wasifu ukasomwa vilevile, na wewe ulikuwa umekaa karibu yangu ukiandika pole kwenye simu. Pole hiyo ni njema. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na mahali pa kumsemea marehemu ni pale wanapomnyang'anya alichokuwa, mbele ya hao wanaomnyang'anya. Usimwongezee sifa asizokuwa nazo. Usimpunguzie pia kwa sababu wakubwa wanaona haya. Na usingoje mwenye uchungu kuliko wote asimame kwanza. Yule mama hakustahili kubeba mzigo huo peke yake siku ile.

Mwenyezi Mungu akupe kazi utakayoipenda, akupe watu watakaoitaja kwa jina lake, na ulimi wako usigande siku mwenzio atakapokuhitaji. Uishi, mwanangu, uzeeke vizuri.