Jina Lililotafutwa Kila Asubuhi

Khairat hana ulimi wa kupokea simu za watu, ndiyo maana kazi hiyo ni yangu. Mimi Muzna ndiye ninayepokea matangazo ya vifo: jina la marehemu, mtaa wake, msikiti atakaposaliwa, saa na makaburi. Nikishaandika, yanatokea kwenye tovuti yetu na Unguja nzima inayasoma simuni. Yeye kazi yake ni mashine. Meza zetu zinatazamana, ghorofani, Mji Mkongwe, mwaka wa saba huu, na kama kuna mtu anayejua Khairat anavyocheka na anavyolia, basi ni mimi.

Kwetu maiti halazwi. Mtu akifa alfajiri, Adhuhuri ameshazikwa. Kwa hiyo tovuti ikisuasua watu wanatutukana, na wana haki yao. Mwaka jana, mwezi wa Januari, ilisuasua hasa. Talib, mwenye ofisi, akaja kusimama mlangoni na kofia yake mkononi, akatupa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Khairat akafungua kumbukumbu za seva, ile mashine inayobeba tovuti. Kila anayeingia kwenye tovuti yetu huacha mstari mmoja humo: saa aliyoingia, alama ya kifaa chake, alichokitaka, na muda aliosubiri mpaka kujibiwa. Kwa wiki moja tu mistari inapindukia laki. Aliipanga kwa muda wa kusubiri, iliyochelewa juu, ya haraka chini. Safu ya majina yaliyotafutwa aliificha, maana ilikuwa inajaza skrini, na alichokuwa akikitafuta ni sekunde, si watu. Siku ya tatu akaniita.

"Muzna!"

"Naam."

"Njoo uone mambo. Wanaotuchelewesha ni wanaotafuta watu wasiokufa."

Nilifikiri ananitania. Akanieleza: mtu akitafuta jina ambalo halimo, seva inalisaka tangu tangazo letu la kwanza, miaka minane nyuma, hadi la leo, ndipo inasema hakuna. Sekunde arubaini nzima. Na wako waliokuwa wakirudia kila siku. Mmoja hakosi, kila asubuhi baada ya sala ya Alfajiri.

"Huyo ana urithi anaungojea," nilisema. Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka Talib akachungulia.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Aliiamuru seva, ikishasema "hakuna", ilishike jibu hilo siku mbili, na akiuliza tena yule yule apewe papo hapo bila ya kusakwa upya. Waliokufa leo si wako ukurasa wa mbele, kila mtu anawaona? Aliona hivyo, na mimi niliona hivyo. Tovuti ikawa nyepesi na Talib akatununulia biriani.

Nyumbani kwao Mwanakwerekwe, Khairat alikuwa akimuuguza mama yake, Bi Duni. Alikuwa na ndugu mmoja tu, Sabri, mdogo wake, na hata namba yake hakuwa nayo. Miaka sita nyuma Sabri alimwacha mkewe Rukaiya, mtoto wa kaka yake Bi Duni, mke aliyechaguliwa na Bi Duni mwenyewe. Mama akamwambia mbele za watu, "Toka. Na nikifa usije kunizika." Sabri akavuka kwenda Dar es Salaam, akabadili namba, kwisha. Hasira za Bi Duni hazikumaliza mwaka. Kila Idi aliuliza nani kamwona Sabri, na hakuna aliyemwona. Kiburi walirithishana wale, nasema kweli.

Bi Duni alifariki mwezi wa Machi, kabla ya Alfajiri. Khairat alinipigia mwenyewe, na tangazo niliandika mimi huku nalia, saa kumi na mbili na robo: Bi Duni Machano Haji, kusaliwa na kuzikwa Mwanakwerekwe, baada ya Adhuhuri. Watu walijaa. Waliomtia kaburini ni wapwa na majirani. Wanawake wakaanza yao: ana mtoto mmoja wa kiume, na hata kumzika mama yake hakuja.

Siku ya pili Sabri akatokea matangani. Khairat akamkuta mlangoni.

"Umekuja kufanya nini? Mama kazikwa jana."

"Nlitazama, dada. Nna jina lake kwenye simu, kila siku nnalitafuta hilo tu kwenye tovuti yenu, ukurasa wa mbele siufungui. Jana nlitazama mapema, nkaambiwa hakuna; leo ndo limetoka. Ningejua, boti ya saa tatu unusu nlikuwa nnaiwahi." Akakaa kizingitini na mkoba wake mgongoni. "Alisema nisimzike. Basi Mungu kamsikiliza. Nshakosa radhi zake."

Nilimwona Khairat akinyanyuka. Alivaa buibui akatoka bila ya kuaga, nikamfuata mpaka ofisini. Akafungua kumbukumbu, na safari hii akairudisha safu ya majina. Duni Machano Haji. Kila asubuhi, siku zote tisini ambazo seva inazihifadhi. Ndiye yule yule tuliyemcheka. Mstari wa siku ya maziko ulikuwa chini kabisa, kwenye ile ya haraka: saa kumi na mbili na dakika hamsini, "hakuna", jibu lililoshikwa tangu juzi yake. Tangazo langu lilikuwa limeshaingia.

Naona haya kusema, lakini nilimshika mkono nikamwambia, "Nyamaza, Khairat. Nani atajua?"

"Anadhani ni mama aliyemzuia," alisema. "Nimwache na hilo mpaka afe?"

Matanga yalipoanuliwa akamwita Sabri ofisini, akamkalisha kwenye kiti changu na kumweleza yote, bila ya kujipunguzia.

"Mama hakukukatalia," alimwambia. "Siku ya mwisho kaniuliza, Sabri hajaja? Nkamwambia yuko njiani. Aliyekufungia mlango ni mimi, si yeye. Nisamehe."

Sabri alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na mimi nikatoka nje kusimama ngazini. Niliporudi alikuwa ameshajifuta uso. "Nioneshe," alisema.

Khairat akamwonesha mstari wa siku ya maziko, kisha mmoja wa zamani, wa mwanzo wa Januari.

"Huu ulichukua muda gani?"

"Sekunde arubaini."

"Na watu wakilalamika?"

"Wakilalamika sana."

Akauwekea kidole ule mstari. "Mie sikulalamika," alisema. "Mie nlikuwa nkiiweka simu juu ya mswala, nnaomba jina lake lisitoke. Ningengoja, dada. Hata siku nzima ningengoja."