Kiatu cha Reuben Juu ya Paa

Jirani yangu Mavis Pask anafagia kanisa la kijiji chetu, hapa Suffolk, Uingereza, tangu nywele zake, sasa nyeupe, zikiwa nyekundu. Hakuolewa, hakuzaa, na katika ukoo wake amebaki peke yake. Ulimi wake hauna breki, lakini nampenda hivyo hivyo.

Majuzi alikuja Merle, mama wa makamo kutoka Nyuzilandi, akitafuta asili ya Reuben Pask, babu wa babu yake, aliyeondoka hapa kwa meli.

"Huyo Reuben alimwachia mdogo wake wazazi wagonjwa," Mavis akamkatiza. "Jabez, baba wa babu yangu, kilema wa watu! Hakumsamehe mpaka kaburini. Kwetu hatumtaji."

"Kwetu wanasema alimlilia mdogo wake hadi uzeeni, bibi."

"Machozi ya huko yalimchotea nani maji huku?"

Chai hakumpa. Kwetu, kumnyima mgeni chai ni kumwambia aende zake. Merle akaomba jambo moja tu: kuona kiatu cha Reuben.

Paa la kanisa letu limeezekwa kwa mabamba ya risasi, madini laini yanayochongeka kwa kisu. Zamani, kijana anayehama alipanda huko, akaweka mguu, akachora kiatu chake. Anayebaki hachori, ni mkosi.

Mafundi walikuwa wakikarabati paa, wakaturuhusu. Tukapanda watatu, Mavis nyuma, mara yake ya kwanza kufika huko, akiyalaani magoti yake.

"R. Pask, 1874," Merle akasoma, akapiga magoti. "Na hiki kidogo kilichopinda, humu ndani yake?"

Mavis akainama. Mguu wa Jabez ulipinda tangu kuzaliwa, kila Pask anajua. Pembeni palichongwa: J. Pask, 1875. Mwaka mzima baada ya meli kuondoka, kilema yule alijikokota ngazi zote za mnara, akachora kiatu chake ndani ya kiatu cha kaka yake.

Sikuwahi kumwona Mavis akilia, hata alipomzika mama yake. Siku ile alilia, nami nikalia.

"Mjinga wewe, Jabez," akanong'ona. "Si ungesema tu?"

Akajifuta kwa aproni, akamshika Merle mkono.

"Shuka polepole, mwanangu, ngazi hizi mbaya. Twende nyumbani nikakuinjikie chai."