Springi Zilizokatwa kwa Siri

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka leo, na mimi sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Watu huniambia, "Bi Zuhura, hasira hasara." Najua. Lakini zipo hasira ambazo ukizitupa, umetupa na akili iliyokuja nazo. Hii yangu nimeitunza, na leo nataka uisikie yote.

Nilikuwa mwalimu kijana. Nafundisha Zinga, nalala kwetu Bagamoyo mjini. Nyumbani tulikuwa na gari moja, Starlet nyeupe ya Baba, na gari hilo ndilo lililokuwa miguu yetu sote. Asubuhi linanipeleka shule, mchana linampeleka Baba shamba, mwisho wa wiki linabeba masufuria ya Mama. Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi ya watu wengi haikukamilika bila yeye kushika mwiko, na mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu ya kugeuza sufuria la pilau ambalo wanaume wawili walilibeba kwa kupokezana.

Mdogo wangu Idrisa, mtoto wa kiume pekee wa Baba, alikuwa na wazimu wa magari. Jumapili asubuhi yeye na wenzake walikwenda upande wa Mbegani, kwenye uwanja mgumu usio na nyumba, wakapanga koni na matairi mabovu. Kila mmoja alipita peke yake, akipinda huku na huku, wenzake wamesimama na saa mkononi. Aliyemaliza upesi bila kuangusha koni ndiye mshindi. Nilikwenda kuwatazama mara kadhaa na nikapiga vigelegele. Hakuna aliyekimbizana na mwenzake barabarani, hakuna aliyelewa. Ni mchezo mzuri, sitakudanganya.

Ila Starlet ile ilikuwa gari la nyumbani, laini, na kwenye kona ililala ubavu. Idrisa akawa anashindwa kila Jumapili, na kushindwa kukamuuma. Siku Baba alipokwenda msibani, yeye na rafiki zake wakaliinua gari, wakatoa springi, wakazikata kwa msumeno wa chuma zikawa fupi, kisha wakafunga shokapu ngumu za gari jingine. Gari likashuka, likakakamaa. Jumapili iliyofuata likapita kwenye kona limenyooka kama meza, na Idrisa akashinda. Akalirudisha nyumbani, akaliosha vizuri, akanyamaza.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku zile nilichojua ni kwamba kila tuta nililisikia mgongoni. Nikamuuliza.

"Idrisa, mbona gari limekuwa gumu hivi?"

"Shokapu mpya hizo, dada. Zitalainika zenyewe."

Alinijibu akiniangalia usoni. Nikamwamini. Ndugu wa tumbo moja usipomwamini, utamwamini nani?

Haukupita muda Mama akaitwa Lugoba kupika kwenye harusi ya binti wa Shangazi Mwanahawa, dada yake Baba. Idrisa alikuwepo tukipakia. Alimshika Mama mkono akamsaidia kupanda, akafunga mlango, akatutakia safari njema. Hilo nalo sijalisahau.

Njia ya Msata wakati huo ilikuwa bado vumbi na makorongo. Niliendesha polepole kama aliyepakia mayai, maana nyuma kulikuwa na mchele na masufuria, na Mama alikuwa akinisimulia habari za harusi ya kwake mwenyewe. Tulipokwisha kupita Kiwangwa, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye korongo, gari likarushwa juu, na nikasikia chuma kimelia chini yangu. Nilizungusha usukani, usukani ukakataa. Gari likatoka njiani likabiringika ndani ya shamba la mananasi.

Mimi nilitoka na mikwaruzo. Mama mkono wake wa kulia ulibanwa na mlango, na wakulima waliokuja kutunusuru walifanya kazi kubwa kuutoa. Alipona, Alhamdulillahi. Mkono haukupona.

Maneno yakaanza hata bandeji haijakauka. Mwanamke na usukani wapi na wapi! Mwalimu ana haraka zake! Shuleni wenzangu walinyamaza nikiingia. Baba hakunigombeza. Alininyooshea tu kiganja, nikamkabidhi ufunguo, naye akaupokea akiangalia ukutani. Afadhali angenitukana.

Na Idrisa je? Idrisa alikuja hospitali kila siku. Alikaa kando ya kitanda, akanywa uji niliompikia Mama ulipobaki. Siku moja jirani alimuuliza pale mlangoni ilikuwaje, na kwa masikio yangu nikamsikia akisema, "Dada alikuwa anakimbia."

Nilikuwa nimeshika bakuli. Sikusema kitu. Unajua kwa nini? Nilikuwa nimeanza kujishuku. Uongo ukirudiwa sana, mwanangu, hata aliyeonewa huanza kuuamini.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nikapanda basi hadi Kiwangwa kuchukua vitu vya Mama. Gari lilikuwa limekokotwa hadi uani kwa mkulima mmoja, limelala ubavu, tumbo nje. Nikaona springi ya mbele imechomoka mahali pake na kujikita kwenye tairi. Nikaishika. Ncha yake ilikuwa imekatwa wima, na alama za msumeno zinaonekana wazi. Nikaenda upande wa pili, nayo vilevile. Nikakaa chini pale kwenye majani nikaelewa. Springi iliyofupishwa, gurudumu likining'inia hewani, inalegea na kutoka kwenye kikalio chake. Kwenye uwanja wa Mbegani ulionyooka kama sinia, haikuwa na sababu ya kutoka. Kwenye makorongo ya Kiwangwa ilitoka. Na uji ule, na neno "anakimbia", vyote vikanijia kwa pamoja. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Mkulima akaniletea maji, kisha akanisaidia kuichomoa ile springi.

Baba alikuwa ameita kikao cha ukoo kunikataza kushika usukani tena. Shangazi Mwanahawa alitoka Lugoba kuja kuhudhuria. Walipomaliza salamu, kabla Baba hajafungua kinywa, niliiweka ile springi juu ya mkeka.

"Idrisa," nikasema, "waambie hii ni nini."

Idrisa akainama. Baba akaitazama springi, akamtazama mwanawe, na nikaona ameelewa. Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, mambo ya nyumbani hayatoki nje. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Hapo Shangazi akapandisha sauti mpaka watoto waliokuwa uani wakanyamaza.

"Ndwele imelala humo chumbani na mkono umefungwa, kaka yangu! Imepita wapi? Binti yako amebeba lawama mji mzima, hukusema mambo ya nyumbani hayatoki nje. Leo zamu ya mwanao wa kiume ndiyo nyumba imepata mlango?"

Shangazi akamgeukia Idrisa.

"Na wewe. Kukata chuma ni ujinga, na ujinga ni maradhi ya vijana, huponywa. Lakini umemwona dada yako anatukanwa, na bado ukanywa uji wake. Huo si ujinga. Inuka. Ingia ukamwambie mama yako kwa kinywa chako."

Aliingia. Pazia lilikuwa jembamba, tukasikia kila neno, na kwikwi zake. Kisha Mama akasema taratibu, "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningepanda basi."

Shangazi mwenyewe, kwa ukali wake wote, alijifunika uso kwa kanga.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alimpeleka Idrisa barazani kwa majirani walewale, akasimama kando yake mpaka aliposema, "Dada hakukimbia. Mimi ndiye niliyezikata springi." Baba aliniomba radhi kwa maneno machache, amegeukia dirishani. Na Idrisa, tangu hapo, kila Mama alipopata shughuli, alikwenda kumgeuzia masufuria. Mama amekaa kitini anaelekeza, yeye anatoka jasho. Alifanya hivyo mpaka Mama alipostaafu mwenyewe. Baadaye alinunua gari bovu la mchezo tu, akalikaza alivyotaka, akashinda tena, nami nilikwenda kumshangilia. Nimemsamehe. Hasira ile nyingine, ya kimya chake na cha Baba, imebaki, na sioni haya kuisema.

Nakwambia leo kwa sababu juzi nimekuona hapa Zinga na gari lako dogo. Passo limekaa chini kama kuku anayeatamia, kiti cha mtoto kimefungwa nyuma, na mke wako anapanda akicheka. Nilikuuliza, ukanijibu, "Ni urembo tu, bibi." Urembo! Mke wako anajua?

Sasa sikiliza. Ukitaka kushindana, shindana, tena uwanjani. Ukiweza, tafuta gari la mchezo, liwe baya kadiri upendavyo. Kama huna ila hilo la nyumbani, usishike msumeno. Funga springi zilizotengenezwa kwa ajili yake, na ulipitishe kwenye mashimo peke yako kwanza. Halafu mwambie kila atakayepanda: hapa nimebadilisha, na hapa. Mwenye gari akikataa, amekataa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi ya gari humuumbua abiria kwanza. Na siku kosa lako likimwangukia mtu mwingine, hasa mwanamke ambaye watu wamekwisha kuwa na maneno yake tayari, sema siku hiyohiyo. Usingoje shangazi atoke Lugoba.

Haya, nenda. Mungu akujaalie usukani mwepesi na njia nyeupe, akupe ujasiri wa kusema kweli ikiwa bado inasaidia, na kila unayempakia amfikishe akiwa mzima, mikono yote miwili. Amin.