Siku Niliyojitolea Shingo

Aibu hii hata nikiificha, nusu ya mtaa wetu wa Alunguli inaijua, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Ilianza jioni moja mke wangu, Mama Zaina, ambaye ni muuguzi, aliporudi nyumbani akimsifu daktari mgeni anayewafundisha: "Iko na shingo muzuri, mushipa inaonekana bila kutafuta." Mimi (shingo yangu fupi, nene, ya kubebea magunia) sikupata usingizi. Shingo ya mwanaume inasifiwa ya nini?

Kesho yake nikaamua kumpelekea bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, kazini, kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu tuoane, nikasukuma mlango bila hodi, na kweli, dokta amelala kitandani, vifungo wazi, uso kaugeuzia ukutani, vidole vya mke wangu viko shingoni pake na wauguzi wenzake wanatazama. Wivu ukanipanda. Nikasema kama ni shingo, watumie yangu, nikamshikisha dokta sombe, nikavua shati na viatu, nikalala.

Sasa nani angejua kwamba kitanda huinuliwa upande wa miguu, kichwa kikae chini, ili mshipa wanaoutia mpira wa dawa ujae damu? Soksi zangu zilizotoboka zikapanda mbele ya macho ya watu wote. Dokta akaeleza kwa upole (upole wake uliniudhi zaidi) kwamba mshipa huo umejificha chini ya msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, na kando yake, upande wa koo, unapita ule unaodunda: ukichoma huo, shingo inavimba damu mpaka mtu akose hewa, na ukishuka chini sana unatoboa pafu. Wakaugusa unaodunda, mmoja mmoja.

"Mbona yake inakimbia hivi, anaogopa sindano?" dokta akauliza.

"Haiko woga, dokta. Njo wivu," mke wangu akajibu, na chumba kizima kikacheka.

Yeye hakucheka. Aliniinamia, akasema polepole: "Baba Zaina, wakati ya vita dada yako Feza alinifia mu mikono. Nilitafuta mushipa mu mikono, mu miguu, yote ilishalala, haionekane tena. Ya shingo, sikujua kuitafuta."

Kwa vile kichwa kilikuwa chini, machozi yalinitiririkia kwenye nywele.

Nimeapa sitamfuata tena kazini bila kuitwa. Ila wakitaka shingo ya kujifunzia, huwa naitwa mimi, na ninakwenda, na soksi mpya. Ya dokta ipumzike.