Nyama ya Ijumaa Ile

Matawi ya mitende yakishakauka mwaka mzima hayanuki kitu, hata ukiyaweka puani, mpaka yaingie motoni. Hapo hutoa harufu kavu, ya nyasi na ya vumbi la darini, inayokwama kooni, na moshi wake ni mwembamba, unaisha upesi. Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu nilisimama nyuma ya kanisa letu hapa Mpanda pamoja na watu wengine, kila mmoja ameshika tawi lake la mwaka jana. Tulikuwa tunasubiri katekista ayachome kwenye karai, ili kesho yake tupakwe majivu yake. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya tofali, amechoka kutembea.

Mimi nilikuwa nimeshika tawi la baba. Lilikuwa limegeuka rangi ya tumbaku na mende wamelila pembeni. Alilichomeka mwenyewe juu ya mlango Jumapili ya Matawi iliyopita, na mwezi wa kwanza mwaka huu tukamzika, nikamleta mama kwangu pamoja na tawi hilo.

Nililitupa ndani ya karai, likashika moto, na badala ya harufu ya mtende mimi nikasikia harufu ya nyama inayochomwa. Hapakuwa na nyama pale. Nilijua harufu hiyo inatoka wapi. Jambo hili padre amelisikia kutoka kwangu, tena zaidi ya mara moja. Ninyi ndio sijawaambia.

Nilizaliwa Mamba, huko Mpimbwe, kwenye mpunga. Mama ni Mpimbwe, Mkatoliki tangu tumboni. Baba alikuwa Msukuma, Masanja, aliyehamia kule na ng'ombe wa ukoo wake. Alimwoa mama kwa ng'ombe, kwa utaratibu wa wazee, bila padre, kwa hiyo mama akazuiliwa sakramenti. Kila Misa, watu walipoinuka kwenda kukomunika, mama alibaki kwenye benchi. Alikuwa akisogeza magoti pembeni ili wenzake wapite, kisha anaangalia mikono yake mpaka wote warudi. Mimi nilikaa naye. Nilidhani ni kwa sababu anaumwa miguu.

Nilipokuwa na miaka tisa baba alikubali kubatizwa. Hakuna aliyemlazimisha. Siku moja alirudi kutoka malishoni akamwambia mama, "Mwambie mwalimu wako aniandike." Akaanza mafundisho kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini, kwa Mwalimu Severini, katekista wetu, mtu mrefu, mkali, ambaye hata akicheka ulihisi umekosea kitu. Ilipangwa kwamba baba abatizwe mkesha wa Pasaka, na ndoa yao ibarikiwe wiki hiyo hiyo. Mama alianza kuhesabu Jumapili kwa vidole. Kwa hiyo Kwaresima ile nyumbani kwetu haikuwa ya kawaida. Tulitembea taratibu, kama watu waliobeba mtungi uliojaa.

Kwaresima kule Mpimbwe huangukia miezi ya njaa. Mahindi ya ghalani yamebaki ya kukwangua, na mpunga bado mbichi shambani. Baba alikuwa akisema, "Padre wenu angekula kwetu mwezi wa tatu asingetuambia tufunge. Angetuambia tuendelee." Mama alimkemea huku anacheka. Lakini baba alifunga kweli. Ijumaa alikunywa uji saa za jioni tu, na aliacha kabisa kuuliza kama kuna kitoweo.

Na mimi nikafunga. Mwalimu Severini alituambia watoto tumwahidi Yesu kitu kimoja, na mimi nikaahidi kwamba sitagusa nyama mpaka Pasaka. Ahadi hiyo haikuwa ngumu, maana nyama yenyewe hatukuwa nayo. Tulikula ugali kwa mlenda, kesho yake mlenda kwa ugali.

Halafu ng'ombe wetu mmoja akanasa kwenye tope la mbugani akavunjika mguu. Wakamchinja Alhamisi. Nyama nyingi iligawiwa kwa waliosaidia kumvuta, na iliyobaki mama aliikata vipande virefu, akaipaka chumvi, akaitundika kwenye kamba nyuma ya jiko ikauke. Ijumaa mchana alivaa kanga zake kwenda Njia ya Msalaba. Baba hakwenda siku hiyo. Aliomba ruhusa, akaenda kutafuta ng'ombe wengine wawili waliopotea katika ile vurugu. Nikaachwa mimi nifukuze mbwa na nzi.

"Tekla," mama aliniambia, "nyama hii ni ya Pasaka, na leo ni Ijumaa. Hata kuilamba, hapana."

"Ndiyo, mama."

Nilimaanisha hivyo. Nilikaa na fimbo yangu nikafukuza mbwa kwa bidii kubwa, hata mbwa ambao hawakuwa na nia mbaya. Lakini jua lilipochoma ile nyama, mafuta yake yakaanza kudondoka mchangani, na mimi tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha uji mwepesi. Jikoni makaa yalikuwa bado hai chini ya majivu. Nikasema nitachukua kipande kidogo cha mwisho, kile kilichojikunja, ambacho hata mbwa asingekihesabu. Nikakiweka kwenye makaa.

Sitawadanganya kwamba kilikuwa kichungu mdomoni kwa sababu ya dhambi. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa kigumu, kina majivu na chumvi nyingi, na mpaka leo sijala kitu kitamu kama kile. Nilikimaliza, nikajifuta mikono kwenye gauni, nikalia.

Njiani mbele ya nyumba alipita Mama Odilia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, amechelewa sala, anatembea mbiombio. Nilimwona akipunguza mwendo, akainua pua kidogo, kisha akaendelea. Muda mfupi baadaye baba akarudi. Alisimama mlangoni mwa jiko. Akayaangalia makaa yaliyofukuliwa, akaniangalia mimi, akaangalia kamba. Kisha kwa kandambili yake akayafunika yale makaa kwa majivu, polepole, akasema, "Mayu, kunywa maji." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo aliponionea huruma.

Ikapita wiki moja, kisha nyingine. Nikaanza kuamini imekwisha.

Kigangoni kwetu palikuwa na desturi. Kabla ya Pasaka, Jumapili moja, wale wanaotaka kubatizwa walisimamishwa mbele na waumini wakaulizwa kama wanawashuhudia vizuri. Padre alikuja mara chache, kwa hiyo kazi hiyo aliifanya Mwalimu Severini. Watu waliipenda Jumapili hiyo, maana ilikuwa na vichekesho. Kijana mmoja alishuhudiwa kwamba amebadilika sana, siku hizi akiazima jembe analirudisha. "Lina mpini?" mtu akauliza kutoka nyuma, kanisa likacheka.

Kisha zamu ya baba. Alisimama amevaa shati lake jeupe, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Mzee mmoja akamsifu. Mwingine akasema Masanja ni mtu wa amani. Halafu Mama Odilia akainuka. Si mtu mbaya, na sitaki mumwone hivyo. Aliulizwa, akajibu.

"Mwalimu, mimi nina neno dogo. Ijumaa ile ng'ombe alipochinjwa nilipita kwake. Nilisikia nyama inachomwa. Labda nilikosea."

Mwalimu Severini akamgeukia baba.

"Masanja. Ilichomwa nyama kwako siku ya Ijumaa?"

"Ilichomwa."

"Nani alikula?"

Nilikuwa benchi la tatu, pembeni ya mama. Nilihisi miguu yangu inataka kusimama. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimefungua mdomo. Mkono wa mama ukaja juu ya goti langu ukakandamiza, kwa nguvu, mpaka kucha zikaingia. Nilidhani ni uchungu wake tu, anatafuta pa kushika. Nikabaki nimekaa.

"Nilikula mimi," baba akasema.

"Ah, Mwalimu!" yule wa nyuma akapaza sauti. "Msukuma na nyama unamtenganishaje? Unamwonea!" Watu wakacheka. Mwalimu Severini hakucheka.

"Siku moja tu kwa wiki tuliyokuomba," akamwambia baba. Hakusema kwa hasira. Alionekana kuchoka. "Tusubiri mwakani."

"Sawa, Mwalimu," baba akasema. Akatembea mpaka mlangoni, akasimama nje kwenye jua akitusubiri tumalize ibada.

Mwaka mzima. Pasaka ile mama alisogeza magoti watu wapite, na safari hii nilijua kwamba si miguu. Pasaka ikaisha, Pentekoste ikaja, tukavuna mpunga, Krismasi ikafika, na kila Misa yale magoti yalisogea. Nyumbani hakuna aliyesema lolote. Baba hakunikwepa wala kunibembeleza zaidi. Aliendelea na mafundisho kama mtu aliyerudia darasa. Kwaresima iliyofuata hakula nyama siku zote arobaini, hata alipoitwa harusini. Ndugu zake walimwuliza kama amegeuka mbuzi. Mkesha wa Pasaka akabatizwa, akaitwa Yosefu. Ndoa ikabarikiwa, mama akaenda mbele na wenzake. Nakumbuka aliporudi kwenye benchi hakujua aweke mikono wapi.

Nilikua nikiamini kwamba baba alibeba dhambi yangu. Nilipoandaliwa Komunyo ya Kwanza niliiungama, padre akanipa malipizi ya Salamu Maria tatu, na mimi nikasali thelathini, kwa sababu tatu niliona hazitoshi. Niliishia darasa la saba. Nimeolewa, nimehamia huku mjini, nina watoto, na jambo lile nilikuwa nalo kama kokoto kwenye kiatu ambacho huwezi kukivua barabarani.

Mwaka juzi binti yangu alirudi kutoka mafundisho ananisomea daftari lake. Akafika mahali pa kuacha nyama Ijumaa za Kwaresima, akasoma kwamba amri hiyo inawafunga waliotimiza miaka kumi na minne.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikaenda mwenyewe kumwuliza katekista, labda mtoto ameandika vibaya. Akaniambia ndiyo, mama, ndivyo ilivyo, mtoto mdogo hafungwi. Wanafundishwa tu wazoee.

Kwa hiyo kama ningesimama siku ile nikasema ni mimi, watu wangecheka na hata Mwalimu Severini angelazimika kucheka. Ningekuwa nimevunja ahadi yangu ya kitoto, basi. Baba angebatizwa mwaka ule ule. Yeye hakuijua amri hiyo, mimi sikuijua, na aliyeijua hakuambiwa kwamba aliyekula ni mtoto.

Nilitaka kumwambia baba. Alikuwa ameshaanza kuumwa. Mara mbili nilikwenda Mamba nimejiandaa, mara mbili nikamlisha uji, nikamkata kucha, nikarudi sijasema. Nilijiambia kwamba namhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwonyesha kuwa alilipa bure.

Sasa Jumanne ile, tawi lake likiwa limekwisha ndani ya karai, nililia. Mama akadhani nalia msiba. Nikakaa chini pembeni ya tofali lake nikamwambia yote, kipande kilichojikunja, makaa, mdomo wangu uliofunguka nikaufunga. Alinisikiliza huku anaangalia moshi.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Gauni lako nililifua mimi. Mafuta ya ng'ombe hayatoki kwa maji ya baridi. Nililisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka."

"Na mkono wako, siku ile kanisani?"

"Ulitaka kusimama."

"Kwa nini hukuniacha?"

"Mbavu zako nilikuwa nazihesabu kila nikikuogesha. Halafu usimame mbele ya watu useme umekula? Baba yako naye hakutaka. Hatukuongea, lakini aliponiangalia nilijua."

Nikamwambia na lile la daftari, la miaka kumi na minne. Nilimwambia kwa sababu sitaki kumzika na yeye nikiwa na neno kifuani. Watu walishaanza kuondoka, katekista anakoroga majivu kwa kijiti.

"Mwaka mzima," mama akasema, na akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kicheko cha mtu aliyechoka, kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Masanja wangu na shati lake jeupe."

Sijui kama baba alifanya vizuri kusema uongo kanisani. Sijui hata kama Mungu aliuhesabu ule mwaka wa mama kwenye benchi kuwa mfungo, maana hakuuahidi. Nilipokuwa mtoto nilidhani toba ni mtu kusema kosa lake na kuadhibiwa. Nyumbani kwetu watu wawili walitubu mwaka mzima kosa ambalo halikuwa lao, na wala halikuwa kosa, kwa sababu walishindwa kunishibisha.

Kesho yake tulipakwa majivu. Ya mama yalikuwa mengi, mengine yakamdondokea kwenye gauni jeusi la msiba. Nikanyoosha mkono nimpanguse.

"Acha," akasema. "Yakae."